Kutafuta Umri wa Taa Mji Mkongwe

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam ilitufikisha bandari ya Malindi, Unguja, jua halijawa kali. Nilikata vichochoro moja kwa moja hadi Hurumzi, kwenye maduka ya vitu vya kale, kwani kilichonileta Unguja ni taa za mezani za mafuta, zile za shaba zilizopamba sebule kabla ya umeme. Nazipenda mno taa hizi, na huniuma kuona zikiuzwa kwa kukisia tu umri.

Dukani nilimkuta mzee mwenye kofia ya viua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tazama, shika, usiogope."

Nilianza na taa yenye tambi mbili pana, zimesimama sambamba, kila moja na kigurudumu chake cha kuipandishia. Nikasugua kimoja kwa kitambaa, masizi yakatoka, jina likajitokeza: Hinks. Hao walikuwa watengenezaji wa Birmingham, Uingereza, waliopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya taa ya tambi mbili mwaka 1865. Kwa hiyo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo, ingawa waliendelea kuziunda kwa miaka mingi. Chemni sikuihesabu kabisa. Kioo huvunjika, kikawekwa kingine. Mimi huamini chuma.

Ya pili ilikuwa na herufi D.R.G.M., alama ya usajili wa ubunifu nchini Ujerumani, ulioanza mwaka 1891. Chini yake paliandikwa "Made in Germany", maneno yaliyotokana na sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyotaka bidhaa za kigeni zitaje zinakotoka. Ingeandikwa "Western Germany", ingekuwa ya baada ya mwaka 1949.

Mzee akashusha ya tatu kutoka rafu ya juu. Nyeusi tititi, nzuri kwa mbali. "Hii ya zama za Sayyid Barghash," akasema.

Weusi ule ulinitia shaka: ulienea sawasawa hadi kwenye mifereji ya nakshi, wakati shaba iliyotumika hung'aa pale mikono inaposhika. Dawa huileta rangi hiyo upesi. Nikaigeuza. Kitako kilikazwa kwa skrubu za nyota, na hizo zilipewa hataza Marekani mwaka 1936, ilhali Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alifariki mwaka 1888.

Nikamwonyesha. Mzee akavaa miwani, akazitazama skrubu moja moja, kisha akaenda kuiweka taa ile kwenye meza ya vitu vipya.