Ugenini Hawajashinda Hata Moja

Nimetoka shifti asubuhi hii na badala ya kulala nimekaa mezani na daftari nahesabu mechi za besiboli. Mimi, mtoto wa Tabata, ambaye mpaka juzijuzi nilikuwa naona ule mchezo ni watu wazima wamesimama uwanjani wanatema maganda ya alizeti tu.

Kisa ni mzee mmoja pale ninapofanya kazi ya kuangalia wazee, hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota. Usiku wa tarehe 1 Novemba 2025 aligoma kulala kabisa, World Series (fainali ya besiboli Marekani, anayetangulia kushinda nne kati ya saba ndo bingwa) imefika mechi ya saba, Toronto wako kwao, Dodgers wa Los Angeles ndo wageni, basi na mi nikakaa naye (nilikuwa nimeshamaliza raundi zangu, msinisemee). Ikaenda mpaka iningi (raundi ya kila timu kupiga) ya 11, kawaida ni 9, Dodgers wakashinda 5-4. Mzee akatikisa kichwa, akasema siku hizi mwenye nyumba hana bahati, enzi zetu sisi Twins, timu ya hapa, kwetu tulikuwa hatushikiki, ila tukitoka tu nje ya mlango, kwisha habari.

Nikajua ni stori za wazee, si unajua kila mzee timu yake ya zamani ilikuwa haifungiki. Kufika home nikafungua rekodi. Jamani! Twins tangu wahamie Minnesota wamecheza World Series tatu, 1965, 1987 na 1991, na zote zilifika mechi ya saba. Nyumbani mechi 12, wameshinda 11. Ugenini mechi 9, wamepigwa zote 9. Yaani kombe la 87 na la 91 wamelichukua bila kushinda hata mechi moja kwa watu! Na ile moja waliyopoteza kwao ndo ilikuwa mechi ya saba ya 1965, mrushaji Sandy Koufax wa Dodgers alirusha akiwa amepumzika siku mbili tu na bado Twins hawakupata kitu, 2-0.

Afu kuna hili ambalo mzee mwenyewe hakulisema. Zamani anayeandaa mechi nne kati ya saba alipatikana kwa zamu, mwaka huu ligi hii mwaka ujao ile (fainali ni bingwa wa ligi moja na bingwa wa nyingine), hawaangalii nani kafanya vizuri msimu mzima. Angalia miaka ya Twins: 65, 87, 91, yote ni witiri, na yote zamu ilikuwa ya ligi yao. 1987 wapinzani wao Cardinals walikuwa na ushindi 95 na Twins 85 tu, lakini kalenda ikawapa Twins mechi nne chini ya lile paa la kitambaa la Metrodome, uwanja wao, kelele mpaka masikio yanauma na mpira ukipaa mgeni anaupoteza kwenye weupe wa paa. Msimu huo kwao walishinda 56 wakafungwa 25, nje 29 kwa 52. Kwa hiyo hii siiti bahati, au tuseme sio bahati tupu.

Usingizi ukawa umekata, nikaendelea na mechi za saba za kila mtu. Kuanzia 1965 mpaka 1979 zilikuwa nane, wageni wakachukua saba. Kuanzia 1982 mpaka 2011 zilikuwa tisa, wenyeji wakachukua ZOTE. Afu 2014, 2016, 2017, 2019 na hii ya 2025, tano, zote wageni. Ni kama kuna mtu anageuza swichi. Nikaanza kutafuta sababu, ndege siku hizi nzuri, viwanja vimefanana, presha ya mashabiki wa nyumbani, nimejaza ukurasa mzima. Afu nikakutana na 2019, Nationals na Houston, mechi saba na zote saba kashinda mgeni, hata ile presha yangu haielezi kitu kama hicho. Nikachukua kwota nikawa nairusha mezani, mara ya kwanza kabisa ikaanguka upande mmoja mara sita mfululizo, bila sababu yoyote. Ule ukurasa nimeuchana. Wa Twins nimeubakiza.

Kilichoniuma ni kingine. Uwanja ule wa Twins wa 1965 ulikuwa Bloomington, hapa jirani, ukavunjwa, na juu yake wakajenga ile mall kubwa, Mall of America. Pale chini kwenye michezo ya watoto kuna alama sakafuni inaonyesha mpigaji alikuwa anasimama wapi. Mi pale nimepita mara ngapi sijui, mtoto analilia bembea mimi natafuta choo, nadhani hata nimeikanyaga. Na ukutani juu huko kuna kiti chekundu, ndipo mpira wa Harmon Killebrew, mpigaji wa Twins, ulipotua mwaka 1967, futi 520.

Jumapili niko off. Nimemwambia mzee nitaenda kuipiga picha ile alama nimletee, akasema sawa, ila kiti kwanza.