Walinishauri nifute mifupa kwenye insha

Kikundi chetu cha kijijini kinachuja maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa. Nilipowaambia watu kwamba kwa kazi hiyo nataka kuomba Mandela Washington Fellowship, mpango wa kuwapeleka viongozi vijana wa Afrika Marekani kwa mafunzo, ushauri ulimiminika. Wa kwanza: tafuta barua ya mkubwa, mbunge au mkuu wa wilaya. Wa pili: usiseme "kikundi", sema "taasisi", na ujipe cheo cha mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji. Wa tatu ndio ulioniudhi hasa. "Mwalimu, huwezi kuwaandikia Wamarekani habari za mifupa ya ng'ombe. Andika teknolojia bunifu." Aliyenishauri hivyo alikuwa tayari kunijazia fomu nzima kwa laki moja na ushee.  Fomu ile ilikuwa ya bure tangu siku ya kwanza, na mtu akikudai hela ya kuijaza, mkimbie.

Sikumfuata hata mmoja wao, na mwaka 2019 nilikuwa miongoni mwa vijana 700 wa Afrika waliokwenda. Naandika haya kwa sababu ushauri uleule bado unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila dirisha la maombi yoyote ya uongozi linapofunguliwa, na unawaangusha vijana wenye kazi nzuri mikononi.

Kwa asiyeujua, mpango huu ulikuwa ndani ya YALI (Young African Leaders Initiative), ambayo Rais Barack Obama aliianzisha mwaka 2010 kwa ajili ya viongozi vijana wa Afrika. Kundi la kwanza lilikwenda Marekani mwaka 2014, watu 500 waliochujwa kutoka kwenye maombi karibu 50,000, na mwaka huohuo ndipo mpango ulipopewa jina la Mandela. Umri uliotakiwa ulikuwa miaka 25 hadi 35. Mwaka wangu, mwombaji alichagua mkondo mmoja kati ya mitatu: biashara na ujasiriamali, ushiriki wa kiraia, au utawala wa umma. Ukipita ulikaa wiki 6 kwenye chuo kikuu cha Marekani, kisha wote mlikutanishwa Washington. Nauli, malazi, chakula na bima vyote vililipwa. Niliambiwa nichague biashara kwa sababu ndiyo inayopendwa. Nikachagua ushiriki wa kiraia. Kikundi chetu hakiuzi chochote. Wakiniuliza mauzo ya mwezi ningewajibu nini?

Sasa mifupa yenyewe. Nafundisha kemia sekondari, Arumeru, mkoani Arusha. Maji ya huku yanapita kwenye miamba ya volkano na yanabeba floraidi nyingi, madini yanayoyeyuka majini bila kuonekana. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi kiwango cha Tanzania kilivumilia hadi 4, na kisima kinachotegemewa na wanafunzi wangu kilipita hata hapo kwa mbali. Mtoto akiyanywa maji hayo tangu mdogo, meno ya ukubwani yanaota na madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki, kwa chumvi wala kwa mkaa. Ikizidi sana, na kwa miaka mingi, inaingia hadi kwenye mifupa: miguu ya watoto inapinda, shingo na migongo ya wazee inakakamaa. Magadi tunayotia kwenye makande nayo yanaongeza. Kila Januari napokea kidato cha kwanza, na kila Januari wapo wasichana wanaojibu swali huku wameziba mdomo kwa kiganja. Wana majibu sahihi, lakini hawataki kuonekana meno. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya nianze.

Watu wengi hudhani dawa ni kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki palepale, kwa hiyo unachokunywa kina floraidi zaidi kwa kila lita. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa. Sikuuvumbua mimi, kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa hapa Arumeru, kimeushughulikia kwa miaka mingi. Mfupa ukichomwa kwa hewa kidogo, madini ya kalsiamu na fosfeti yanayobaki hunasa floraidi maji yanapopita.

Ukisikia hivyo unaona rahisi. Tulikusanya mifupa kwenye mabucha, wanafunzi wakaisafisha, tukaipanga ndani ya pipa, tukaziba kwa udongo na kuwasha kuni tangu asubuhi. Jioni tulipofungua tulipata mkaa mweusi wa kupendeza. Tukauponda, tukauchekecha, tukaujaza kwenye ndoo. Kipimo kikaonyesha floraidi imeshuka kweli. Kwa furaha tukaita wazazi. Mzee mmoja akaonja wa kwanza. Aliyashikilia yale maji mdomoni, akazunguka nyuma ya darasa akayatema, kisha akarudi na kuniambia kwa upole wote, "Mwalimu, mwanangu, haya maji yana mzoga."

Ilikuwa kweli. Moto ulikuwa hafifu, na mafuta yaliyojificha ndani ya mfupa hayakuungua yakaisha. Safari iliyofuata vijana wakapania, wakasukumia kuni mpaka pipa likawa jekundu. Mifupa ikatoka myeupe kama chaki. Maji yakawa hayana harufu, yana ladha nzuri, kila mtu akayasifu, na floraidi ikawa ileile karibu yote. Moto ukizidi, mfupa unapoteza uwezo wa kunasa. Tulihitaji joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, na shule yetu haikuwa na kipimajoto kinachokaribia hapo. Tuliulizia bei ya kimoja. Ilikuwa ya kuuzia ng'ombe.

Jibu lilikuwa kwenye jedwali nililokuwa nimelibandika ukutani kwa miaka. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na kitu. Alumini huyeyuka kwenye 660. Tukakata ganda la betri kuukuu za redio, hilo ni zinki; tukakata kipande cha sufuria iliyotoboka, hiyo ni alumini. Kila kimoja tukakiweka kwenye kijikopo chake cha udongo, mbali na mifupa, ndani ya pipa lilelile. Tukizima moto na kukuta zinki imeyeyuka na alumini iko nzima, tunajua joto limevuka 419 bila kufika 660. Ni nafasi pana, nakubali, lakini rangi ya mkaa inamalizia kazi: tunautaka ule wa kijivu kilichokolea, usio na harufu ukiulowesha. Tangu siku hiyo hatujarudia kuchoma kwa kubahatisha. Yule mwanafunzi aliyeleta betri za redio ya babu yake ndiye leo fundi mkuu wa tanuri.

Wazazi Waislamu waliuliza mifupa ni ya mnyama gani na amechinjwa na nani. Ni swali la haki kabisa. Tulikwenda nao bucha wakajionea, na wawili kati yao wakaingia kwenye kamati.

Hayo ndiyo niliyoyaandika kwenye insha: mzoga, chaki, betri. Yule mshauri alitaka niandike "tunatumia teknolojia bunifu kuleta mabadiliko chanya katika jamii". Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu wa mikoko ya Rufiji au wa mikopo ya bodaboda Mbeya, na msomaji mwenye rundo la maombi mezani hana sababu ya kuikumbuka.

Mbinu yangu ya uandishi ilikuwa hii. Nilimsimulia dada yangu, ambaye ni fundi cherehani, kwa Kiswahili, habari nzima. Siku chache baadaye nikamwomba amsimulie shemeji huku mimi nikisikiliza jikoni. Kila alichosahau nilikifuta. Alikumbuka mzee aliyetema maji, alikumbuka sufuria iliyotoboka, alikumbuka wasichana wanaoziba midomo. Zile sentensi zangu zilizoanza na "lengo kuu la mradi huu" hazikuponea hata moja. Baada ya hapo ndipo nilipokaa kuandika kwa Kiingereza, na kilikuja chepesi kwa sababu nilikuwa na jambo la kusema.

Barua ya utambulisho sikuipeleka kwa mkubwa yeyote. Niliiomba kwa mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, mtu aliyechota kwenye ndoo zetu. Nilimsihi aandike yale tu aliyoyaona kwa macho yake, pamoja na siku ile ya harufu. Akaandika kwa Kiswahili kizuri cha kizamani, mwalimu wa Kiingereza akatafsiri, nikaambatanisha zote mbili. Mbunge angeweka muhuri mzuri sana, lakini hajawahi kuliona tanuri.

Waliopita mchujo waliitwa kwenye usaili ulioendeshwa na ubalozi wa Marekani. Kwa mazoezi nilimtumia mwanafunzi wa kidato cha tatu, mbishi kuliko wote darasani, nikampa ruhusa ya kunikatiza kila asipoelewa. Alinikatiza mno. Ndivyo nilivyojifunza kusema kwa dakika mbili kitu nilichokuwa nakisema kwa kumi. Siku yenyewe hakuna aliyeniuliza uongozi ni nini. Waliuliza: ukihamishwa shule, nani atachoma mifupa? Mkaa ukichoka mtajuaje, maana maji hayabadiliki ladha? Hilo la pili ndilo swali lenyewe la kazi hii. Mkaa uliojaa floraidi hauonyeshi dalili yoyote. Mtu anaendelea kuchota akiamini yuko salama. Nikawaeleza daftari letu la vipimo, nani analishika, na kwamba tatizo letu lililobaki ni gharama ya kemikali za kupimia, ambayo sikuwa na suluhisho lake. Niliyataja tuliyoshindwa kwa sauti ileile niliyotajia tuliyoweza. Kijana unayejiandaa, ujue jina la mtu atakayebaki na kazi ukiondoka. Watakuuliza.

Taratibu za viza ya J-1, ile ya wageni wa mafunzo na kubadilishana, zinaelezwa vizuri na wahusika, sina la kuongeza ila moja: ina sharti la kurudi na kukaa nyumbani miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kazi au ukaaji wa kudumu kule. Anayeomba mpango wa namna hii kama njia ya kuhamia ameshika mlango usio wake.

Kule, vipindi vya darasani vilikuwa vizuri, na kazi za kujitolea za kufungasha vyakula vya misaada zilinifurahisha. Lakini siku ambayo sitaisahau ni ya kutembelea mtambo wa maji wa mji uliotupokea. Mwenyeji wetu akaonyesha bomba dogo akasema, hapa ndipo tunapotia floraidi. Tunapotia! Nilimwomba arudie. Wamarekani wanaiongeza kwenye maji ili kuzuia meno kuoza, kiwango kinachopendekezwa kikiwa miligramu 0.7 kwa lita, na mji wa kwanza kufanya hivyo ulikuwa Grand Rapids, Michigan, mwaka 1945. Nikamweleza ninakotoka. Akanyamaza kidogo, kisha akanipa habari ya Colorado Springs.

Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifungua kazi Colorado Springs akakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia. Wenyewe walikuwa na maelezo yao, kila mtu na lake. McKay alihangaika na swali hilo miaka 30, mpaka mwaka 1931 mkemia wa kampuni ya alumini alipopima maji na kukuta chanzo ni floraidi. Kutokana na meno hayohayo walijifunza jambo la pili: yalikuwa na madoa lakini yaliyooza yalikuwa machache. Ndipo likaja wazo la kutia kidogo mahali isipokuwapo. Usiku ule nilisoma mpaka macho yakaniuma. Kwenye kundi letu alikuwamo Mkenya kutoka Nakuru, na Mwethiopia, wote watoto wa Bonde la Ufa, wote wanaijua kahawia hiyo. Nakuru wametumia mkaa wa mifupa muda mrefu kuliko sisi. Yale niliyochota kwa huyo Mkenya tukisubiri nguo zifuliwe yalikuwa na faida kuliko mihadhara mingi, hasa namna ya kupanga zamu za kupima ili kemikali zisiishe mapema.

Niliporudi niliitisha mkutano wa wazazi, nikawaonyesha picha za zamani za meno ya watu wa Colorado. Wazungu, meno ya kahawia. Ukumbi ulilipuka kwa mazungumzo. Kwa miaka mingi nilikuwa nawaambia ni maji, nao wakiniambia ni ukoo, kwa heshima lakini bila kuniamini. Bibi mmoja akasimama akauliza, "Sasa hao nao ni ukoo wetu?" Kuanzia hapo hoja haikuwa tena kama chanzo ni maji, bali maji machache tunayoweza kuchuja tumpe nani kwanza. Madoa hutokea jino likiwa bado linaumbika ndani ya fizi, kwa hiyo mkutano ulikubaliana: ndoo zijazwe kwanza kwa nyumba zenye watoto chini ya miaka 8, ndipo zifuate shule na zahanati. Walimu, nikiwamo mimi, tuko mwisho wa orodha.