Siku moja na mzee wa chupa ya ulanzi

Saa 12 asubuhi. Baridi ya Iringa inauma masikio, nami nimeinama ukingoni mwa Ruaha Mdogo, chini ya Ipogolo, nachota maji. Kazi yangu ni kupima maji. Siyaonji, kama majirani zangu wanavyoamini.

Kufikia saa 3 nina sampuli tano kwenye boksi la barafu, niko maabara.

Saa 4 akaingia mzee. "Kamwene!" Nikaitikia. Anafungua gesti, anataka cheti cha kisima chake. Akatoa chupa ya plastiki kwenye mfuko; kufungua tu kifuniko, harufu ya ulanzi, pombe ya mianzi, ikanipokea.

"Baba, hii ilikuwa na nini?"

"Niliisuuza."

Nikampa chupa yetu iliyopikwa kwa mvuke, akachote upya. Hakuinuka. "Mwanangu, maji yangu meupe kama machozi, hebu yaangalie." Nikamweleza kuwa bakteria mmoja ana urefu wa mikroni mbili hivi, yaani sehemu mbili za elfu za milimita, glasi inaweza kubeba maelfu yao na bado ukajiona ndani yake. Akaguna, akaondoka. Saa 8 huyo amerudi, sasa anataka majibu jioni. Nikamwambia mililita 100 zinapita kwenye kichujio, kichujio kinalala kwenye inkubeta, kabati la joto la nyuzi 44, mpaka kesho, na E. koli, bakteria wa kinyesi, akionekana hata mmoja, maji yamefeli. "Mbona malaria mnapima robo saa?" Akakaa kwenye benchi. Akampigia mpwa wake, akampigia fundi wa kisima, akaniomba namba yangu. Katikati ya simu ndipo niliposikia kwamba choo kiko juu ya kisima, kwenye mteremko uleule.

Chakula cha mchana nilikula sijui saa ngapi.

Nikiwa naosha vyombo, mwanafunzi wetu wa mazoezi akauliza: uchafu huu wa Ruaha ukifika Rufiji mpaka baharini, chumvi si inamaliza kila kitu? Kwa E. koli, chumvi na jua vinasaidia kweli. Ila virusi vya tumboni huvumilia zaidi, hasa vikijishika kwenye tope, na kwenye kichujio chetu chenye matundu ya mikroni 0.45 vinapita bila hata kukiona. Halafu mbolea na majitaka hunenepesha mwani. Mwani ukifa, bakteria wa baharini wanausherehekea, wanazaliana, wanamaliza oksijeni, samaki wanakimbia au wanakufa. Alinyamaza, akaendelea kufuta meza.

Nimevua viatu, miguu imevimba, simu ikaita. Ni mzee.

"Mwanangu, wale wadudu wameota?"

"Bado, baba."