Imani Imfunge Mtoaji, Si Mpokeaji

Mtu anayetaka kujua imani ya dini ina nafasi gani katika kuwasaidia wahitaji hapa Dodoma, namshauri asianzie kwenye mahubiri bali kwenye shamba la zabibu. Zao hili, ambalo limezipa Hombolo na Mpunguzi sifa yake, limetajwa kwa jina katika taratibu za utoaji za dini zetu mbili kubwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamwagiza mwenye mizabibu asirudi nyuma kuokota masazo baada ya kuvuna, kwa sababu masazo hayo ni ya mgeni, yatima na mjane. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, zabibu zimo miongoni mwa mazao ambayo wanazuoni hawana mzozo kwamba yanatolewa zaka, pamoja na ngano, shayiri na tende. Mavuno yakishatimiza wasaki tano, yaani zaidi ya kilo 600 kwa makadirio yanayotumiwa na wengi, shamba la mvua hutolewa sehemu ya kumi, na shamba linalomwagiliwa kwa gharama za mkulima hutolewa nusu ya hiyo.

Kinachonivutia katika maagizo haya ni kwamba hayaulizi mkulima anajisikiaje. Huruma ni jambo jema, lakini huja na kuondoka: huja tunapomwona mtoto amelala kwenye baraza la duka, na huondoka Januari ada za watoto wetu wenyewe zinapodaiwa. Imani inampangia mtoaji kiasi, inampangia wakati, kisha inamweka mbele ya shahidi asiyedanganyika. Zakatul fitri, kwa mfano, inatakiwa imfikie maskini kabla ya swala ya Idi, ili nyumba isiyo na akiba nayo iwe na cha kupika siku hiyo. Ikicheleweshwa bila udhuru hadi swala imalizike, huhesabiwa kuwa sadaka tu kama sadaka nyingine. Kwa upande wa Wakristo, majitoleo ya Kwaresima na zamu za jumuiya ndogondogo za kuwatembelea wagonjwa yana kazi hiyo hiyo, kwa maana hakuna anayengoja aguswe moyo ndipo akumbuke kwamba zamu ni yake.

Sisemi kwamba kusaidiana kuliletwa Ugogo na dini hizi. Nchi hii ina mvua chache na zisizotabirika, na wazee wetu walijua kuhemea, yaani kwenda mbali kutafuta chakula mwaka mbaya, na walijua pia kumpokea aliyekuja kuhemea kwao, muda mrefu kabla ya msikiti wala kanisa. Kilichoongezwa na dini, kwa maoni yangu, ni kuupanua mduara wa wanaostahili hadi kumfikia mtu asiye ndugu, asiye wa ukoo, na asiyeweza kurudisha fadhila.

Imani imeongeza pia watu wa kubaki. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar huko Itigi ya Wamisionari wa Damu Azizi, hospitali ya Kanisa Anglikana kule Mvumi, shule ya wasioona ya Buigiri, na Kijiji cha Matumaini kinacholea watoto wanaoishi na virusi vya Ukimwi hapa Dodoma mjini, ni kazi ambazo haziwezi kupimwa kwa mradi wa miaka mitatu. Mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi atazitumia kila siku katika maisha yake yote, na mtu wa kumkumbusha hawezi kuwa mgeni ambaye mkataba wake unaisha Desemba. Mtawa aliyeweka nadhiri hana tarehe hiyo ya kumaliza, na ndiyo maana mara nyingi anayeonekana bado yupo baada ya mabango ya wafadhili kupauka ni yeye.

Hata hivyo, tusizidishe sifa. Hospitali nyingi za makanisa nchini haziendeshwi kwa sadaka peke yake. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walitiliana saini makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, na mpango wa hospitali teule, yaani hospitali za dini zilizoteuliwa na Serikali kutoa huduma za umma, umewezesha fedha za umma kulipa mishahara ya watumishi ndani ya majengo ya dini. Fedha hizo ni kodi ya Mwislamu, ya Mkristo, ya anayefuata mila za mababu, na ya yule ambaye hajawahi kukanyaga nyumba yoyote ya ibada. Kwa hiyo sioni kabisa haki ya mtu kuulizwa dini yake kabla ya kupewa kitanda, na naiona hoja hiyo ingesimama hata kama kila shilingi ingetoka kwenye kapu la sadaka.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea zaidi siku hizi: tunaichukua kamba iliyokusudiwa kumfunga mtoaji na kumfunga nayo mpokeaji. Nimeshuhudia watoto yatima wakipangwa mstari juani, wakiimbishwa, kisha wakipigwa picha wameshika kilo mbili za sukari, huku mgeni rasmi akitafuta pembe nzuri ya kamera. (Picha huwa mitandaoni kabla ya sukari kufika jikoni.) Nimeona pia mama akiambiwa kwamba unga utagawiwa baada ya mahubiri, naye si wa dini ile na ana mtoto mgonjwa nyumbani. Surat al-Baqara, aya ya 264, inaonya wazi kwamba masimbulizi, yaani kumtajia mtu wema uliomtendea, na maudhi huibatilisha sadaka, na Injili ya Mathayo, sura ya 6, inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Waumini wanaofanya haya wamezisoma aya hizo, tena wengine huzihubiri.

Kuna kosa la pili lisilosemwa sana, kwa kuwa anayelisema huonekana ana imani haba, nalo ni kutotoa hesabu. Tukiuliza michango ya waathirika wa mafuriko ilikwendaje, tunajibiwa kwamba Mungu anajua. Ni kweli anajua, lakini maandiko yenyewe hayakuridhika na jibu hilo. Matendo ya Mitume, sura ya 6, inasimulia manung'uniko ya Wayahudi wenye lugha ya Kiyunani kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mitume hawakuwaambia wasali zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema waisimamie kazi hiyo. Qurani nayo, katika Surat at-Tawba aya ya 60, inapotaja mafungu manane ya wanaopewa zaka, inawataja wanaozitumikia, maana yake kwamba kukusanya na kugawa ni kazi yenye wahusika na malipo yake. Msikiti au usharika unaobandika ukutani orodha ya kilichoingia na kilichotoka haujapungukiwa na imani.

Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Mkatoliki asiyekosa misa, alizungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 na kuwaeleza kwamba Kanisa haliwezi kuishia kuwahudumia maskini huku likiiacha mifumo inayowafanya wawe maskini. Namkumbuka kila msimu wa mavuno. Kibarua anayechuma zabibu kwa ujira mdogo, akaambiwa arudi wiki ijayo kwa malipo yake, ndiye huyo huyo tutakayemkuta kwenye foleni ya futari au ya mchele wa Krismasi, na mwenye shamba anaweza kuwa ndiye mfadhili anayeshangiliwa siku hiyo. Sura ile ile ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, kabla haijafika kwenye masazo ya mizabibu, inaagiza kibarua alipwe siku yake kabla jua halijatua, na hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Ibn Majah inaagiza alipwe kabla jasho lake halijakauka. Utaratibu wa zaka na masazo ulikuja kwa mwenye shamba ambaye deni hilo la ujira amekwisha kulilipa.