20 kwa 20 sio lazima iwe mita 400

Ukiingia kwenye magrupu ya viwanja matangazo ni yale yale, "20 kwa 20, umeme upo, maji yapo, bajaji inafika mpaka saiti", halafu chini wanamalizia na skwea mita 400 na hakuna anayeuliza. Mimi nina ugomvi na hiyo 400. Mnaenda saiti, mnavuta tepu upande wa kwanza 20, wa pili 20, wa tatu 20, wa nne 20, watu wanapeana mikono, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, na hela inahama. Pande nne zimepimwa vizuri kabisa na bado hakuna aliyejua ukubwa wa kile kiwanja.

Manake pande nne hazifungi umbo. Chukua fito nne zinazolingana, pigilia msumari mmoja mmoja kila kona, utapata mraba, sukuma kidogo kwa mkono unalala unakuwa kama almasi, sukuma zaidi unazidi kulala mpaka fito zinakaribia kugusana na ndani hakuna kitu. Urefu wa fito haujabadilika hata milimita. Kilichobadilika ni pembe, na pembe ndo iliyokula eneo. Sasa weka fito ya tano kutoka kona hadi kona uone kama itasogea, haisogei ng'o, kwa sababu hapo umeshatengeneza pembetatu mbili, na pembetatu ukishaijua pande zake tatu imeisha, haina pa kulala, pembe zake zimejipanga zenyewe. Fundi wa kenchi anajua hili hata kama hesabu aliacha darasa la tano, ndo maana paa lote ni pembetatu tupu na geti la mabati lina ule mkono wa mshazari.

Rudi saiti. 20 kwa 20 ikiwa imenyooka kweli, kona zote nyuzi 90, kutoka kona hadi kona, yaani mshazari, ni mita 28.28 na mishazari yote miwili inasoma hivyo hivyo. Ikilala mpaka kona moja ikawa nyuzi 70 na jirani yake 110, na nyuzi 20 kwa macho kwenye majani marefu huzioni, mshazari mmoja unakuwa kama mita 23 na mwingine karibu 33, na eneo linashuka mpaka kama 376. Mita 24 zimeyeyuka na pande zote bado 20, hiyo ni sebule nzima na kabaraza kake. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hili kosa haliendi pande mbili. Hakuna namna ya kulaza 20 kwa 20 ukapata 410. Mraba ndo kikomo, ukilala unapungua tu, kwa hiyo ukipima pande peke yake kosa siku zote linamwangukia mnunuzi.

Halafu kuna viwanja vya pande zisizolingana, hapo madalali wana hesabu yao, wanachukua pande mbili zinazotazamana wanatoa wastani, nyingine mbili wastani, wanazidisha. Nisiwaseme vibaya, hesabu hiyo ni ya kale kweli, imechongwa kwenye kuta za hekalu la Horus kule Edfu, Misri, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kwenye orodha ya mashamba ya hekalu. Ila na yenyewe ina tabia ile ile, inatoa jibu sahihi kwa mstatili tu, umbo lingine lolote inatoa eneo kubwa kuliko la kweli, haijawahi kupunguza hata siku moja.

Mfano wenye namba basi. Kiwanja ukikizunguka kinasoma 15, 20, 17, 26. Kwa wastani ni 16 mara 23, yaani 368. Sasa vuta tepu katikati, kutoka pale ulipoanzia kupima ile 15 mpaka pale ilipoishia ile 20, tuseme ikasoma 25. Umepata pembetatu mbili, moja ya 15, 20, 25 na nyingine ya 17, 26, 25. Kuna kanuni ya Heron wa Aleksandria, mtu wa karne ya kwanza, haitaki pembe wala kimo, inataka pande tu. Jumlisha pande tatu gawa kwa mbili, 15 na 20 na 25 ni 60, nusu yake 30. Toa kila upande kwenye hiyo 30, unabaki na 15, 10 na 5. Zidisha zote nne, 30 mara 15 mara 10 mara 5, inakuja 22,500, tafuta kipeuo cha pili kwenye simu, 150. Ya pili ukifanya hivyo hivyo inatoka 204. Jumla 354, sio 368. Tepu moja na simu, dakika mbili.

Kona zikiwa tano au sita usiogope, poligoni yoyote inakatika pembetatu pungufu ya pande zake kwa mbili, pande tano pembetatu tatu, pande sita nne (ndo maana pembe za ndani za pembetano zinafika 540, ni 180 mara tatu, mwalimu alituimbisha tu bila kutuambia inatoka wapi). Kwa hiyo kiwanja cha pande tano kinataka vipimo saba, pande tano na mishazari miwili. Angalia tu mshazari upite ndani ya kiwanja, vya umbo la L vinaweza kukuchomoa nje ukapima shamba la jirani. Na ukiona kwenye karatasi pembetatu ina pande 12, 15 na 30 rudisha hiyo karatasi, 12 na 15 zikiungana ni 27, hazifiki, hilo umbo halipo duniani.

Hata ramani zetu zimesimama juu ya pembetatu, ule mnyororo wa pembetatu za wapima ardhi uliofuata longitudo ya 30 mashariki kutoka Afrika Kusini mpaka Misri ulikamilika 1954, na jina Arc 1960 (mfumo wa vipimo vya ramani) unaloliona kwenye ramani za Tanzania, Kenya na Uganda limetoka humo.

Siku ya kuseti msingi ndo usilale kabisa. Mafundi wanatoa skwea, yaani kona ya nyuzi 90, kwa tatu nne tano, mita 3 kwenye uzi huu, mita 4 kwenye uzi ule, katikati lazima tepu isome 5. Ikisoma 5.10 kona imefunguka mpaka nyuzi 92 na kitu, na ukuta wa mita 12 unaenda kutua karibu nusu mita nje ya pale ulipopanga. Kuna mafundi wanatumia sentimita 30, 40 na 50 kwa sababu hawataki kuinuka, mwambie ainuke, sentimita 1 ya kosa pale ni sawasawa na sentimita 10 kwenye ile kubwa, na unene wa kigingi peke yake unatosha kukukosesha. Wakimaliza pima kona hadi kona zote mbili. Ila kulingana kwa mishazari peke yake hakutoshi, umbo lililo pana chini na jembamba juu, pande mbili za ubavu sawa, nalo mishazari yake inalingana, kwa hiyo hakikisha kwanza pande zinazotazamana ni sawa ndo mishazari imalizie.

Na kwa wale wa milimani, Lushoto huko na kwingineko, tepu ikilala kwenye mteremko inakuibia tena, maana eneo la kwenye hati linahesabiwa kwa usawa wa ramani. Mita 20 zinazoshuka mita 4 ni pembetatu mraba, kitako chake ni 19.6. Shikeni tepu iwe mlalo, mshuke kwa vipande vifupi vifupi kama ngazi, kila kipande mtu wa chini adondoshe timazi ndo aweke alama.