Usiniulize kwanza tuna ventileta ngapi

Wageni wakija kutembelea ICU yetu, wodi ya wagonjwa mahututi, swali huwa ni lile lile: mna mashine ngapi za kupumulia? Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja si mbali na Kampala, na swali hilo limenichosha. Niulize oksijeni inatoka wapi, na nani anaipima.

Mtungi mkubwa, ule mrefu tunaouviringisha kwa kitako, hubeba lita 6,800 za oksijeni. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika ataumaliza kwa saa 11 na ushee. Mpe lita 60 kwa dakika, kama tulivyowapa baadhi ya wagonjwa wa Covid, na hautavuka saa mbili. Utafiti uliochapishwa 2020 ulihesabu vitanda 55 tu vya ICU Uganda nzima, basi kila mtu akadai vitanda na mashine. Juni 2021 Delta, ile aina mpya ya kirusi cha Covid, ilipotubana na nchi ikafungwa siku 42, kwetu kilichogombaniwa ni mitungi. Kuna ventileta ya msaada iliyokaa kwenye nailoni yake muda wote huo kwa sababu mpira wake wa oksijeni haukuingia kwenye soketi zetu za ukutani.

Konsentreta, mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, ndizo zinazoninyima usingizi zaidi. Inavuta hewa ya kawaida, zeolaiti (punje za madini) ndani yake inanasa naitrojeni, na oksijeni inayotoka inatakiwa iwe asilimia 90 na kitu. Vumbi likiziba sponji ya nyuma, au unyevu ukiingia kwenye zeolaiti, oksijeni inapungua huku hewa ikiendelea kutoka vilevile. Kile kigololi cha kwenye kipimo cha lita kwa dakika kinaelea kwenye 5 kama kawaida. Kigololi hakijui kinabebwa na hewa gani!

Usiku mmoja nesi wa zamu alinipigia: "Fundi, njoo. Mgonjwa anashuka na mashine inaonyesha iko sawa." Kipimo cha kidoleni kilionyesha oksijeni kwenye damu yake ni asilimia 84. Daktari alishaanza kuandaa mpira wa kumwingiza kooni, akiamini mapafu yamezidiwa. Nikachomeka kipimo changu cha oksijeni kwenye konsentreta: asilimia 61. "Sista, lete mtungi." Haukupita muda mrefu akapanda hadi 95, na mpira ule ukarudi kabatini. Angewekwa kwenye ventileta, pamoja na hatari zake zote za maambukizi, kwa sababu ya sponji ambayo ningeiosha kwa sabuni na maji.

Ndiyo maana nilifurahi kusoma matokeo ya 2024 kutoka vituo 20 vya afya hapa Uganda, vilivyofungiwa oksijeni ya umeme wa jua kwa watoto. Vifo vya saa 48 za mwanzo vilipungua karibu nusu. Wala haikuwa ICU. Ni oksijeni isiyokatika umeme unapokatika, basi.

Bajeti ikija mkononi mwangu (haiji, lakini tuseme imekuja), ningenunua kipimo cha oksijeni kwa kila wodi, kinaingia mfuko wa shati; sponji za akiba; na stabilaiza za kutuliza umeme, kwa kuwa umeme wetu ukirudi hurudi kwa hasira na kuunguza bodi. Kisha nesi wa pili wa usiku, maana alamu isiyo na mtu wa kuisikia ni kelele tu. Ombi la vipimo nimeshalipeleka. Watu wa manunuzi wamelirudisha, wanataka proforma (hati za bei) kutoka kwa wauzaji watatu, na wauzaji wa kifaa hicho ninaowafahamu ni wawili.