Mahali pa kuweka maneno ya mzee

Ijumaa, saa nne usiku.

Leo nimefuta programu ya sita kwenye simu yangu na nimebaki na moja. Imenichukua karibu miezi minne kufika hapa. Najua wapo watakaoshangaa mtu kuhangaika muda wote huo kwa ajili ya mahali pa kuandikia madokezo. Kwangu jambo hili halijawa dogo tena tangu nilipopoteza maneno ya mzee wangu wa Ngamiani.

Mimi ni mhariri, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiokota maneno ya kazi za mikono: ya maseremala, ya wavuvi, ya washonaji. Pale Ngamiani, Tanga, kuna mzee aliyeshona kanzu kwa mkono tangu ujana wake. Nilikaa naye barazani siku tatu. Ana kastabini ya shaba iliyolika upande mmoja kwa kusukuma sindano, mpaka imetoboka vitundu viwili vinavyopitisha mwanga. Aliikunjua kanzu kuukuu mapajani, akawa anaweka kidole na kutaja: hii badani, hii taharizi inayoshuka ubavuni mpaka kwenye pindo, hiki kikwapa kinachompa mtu nafasi ya kuinua mkono, hii kaba inayozunguka shingo, hii sijafu pale mkono wa kanzu unapoishia. Mimi naandika kwenye simu. "Andika vizuri, mjukuu wangu," akaniambia. "Vijana siku hizi wakija hapa wanasema tu, babu, ile ya pembeni."

Niliandika vizuri. Kilichoniponza ni mpangilio mmoja. Kwa kubana bando nilikuwa nimeiwekea programu ile isawazishe, yaani ipeleke nakala mtandaoni, kwa Wi-Fi peke yake, na nyumbani sina Wi-Fi. Basi kwa miezi mitatu kila nilichoandika kilibaki ndani ya simu, hakikwenda kokote. Simu ikaibiwa kwenye daladala ya Mbagala. Nikanunua nyingine, nikaingiza nenosiri, na madokezo yangu ya zamani yakaja yote, yamejipanga vilevile kama nilivyoyaacha. Kuanzia tarehe ya safari ya Tanga hapakuwa na kitu. Nilikaa kitandani nikisogeza kioo juu na chini, juu na chini, kama vile yangejitokeza nikivumilia.

Tangu hapo kila programu naiuliza kwanza swali moja: bando likiisha, maneno yangu yako wapi?

Notion nilitamani sana iwe yangu. Inapendeza, na meza zake zinafaa kabisa kwa orodha ya maneno: safu ya neno, safu ya maana, safu ya fundi aliyelitaja. Lakini ilijengwa kwa mtu ambaye intaneti haimkatikii. Kufanya kazi nje ya mtandao kumekuja Agosti 2025, na mimi nisiyelipa natakiwa nikumbuke mwenyewe kupakua ukurasa mmoja mmoja kabla ya safari. Nikiwa njiani kwenda kijijini ndipo nitakapogundua ule niliousahau. Evernote, yenye nembo ya tembo, iko tangu 2008 na bado ina watu wanaoiamini. Ilishanunuliwa na kampuni ya Italia iitwayo Bending Spoons, na tangu Desemba 2023 mtu asiyelipa anapewa madokezo 50 na daftari moja. Mimi nina maneno zaidi ya 600, kila moja na dokezo lake. Sioni ubaya wa mtu kulipisha kazi yake, ila mhariri anayelipwa kwa ukurasa hawezi kuahidi dola za kila mwezi kwa miaka kumi ijayo, na maneno haya nayataka kwa zaidi ya miaka kumi. Google Keep, ya 2013, ni nyepesi na ya bure, na mama yangu nimemwekea hiyo kwa orodha za sokoni. Kabla yake Google hao hao walikuwa na nyingine iliyoitwa Google Notebook, wakaifunga 2012. Hilo nalikumbuka kila ninapotaka kuweka humo kitu kisichopatikana tena.

Jambo lililoamua lilitoka mahali ambapo sikutarajia, nalo ni sarufi.

Usiku mmoja nilikuwa natafuta kila nilichoandika kuhusu kushona. Nikaandika "shona" kwenye kisanduku cha kutafutia cha programu moja niliyokuwa naijaribu. Ikaniletea dokezo moja. Nilijua yapo kama ishirini. Nikajaribu "shon" na nyota mwishoni, alama ya kusema neno liendelee vyovyote, yakaja mawili. Ndipo nikaelewa kwamba inatafuta kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza hiyo inatosha, maana mambo mengi ya neno huongezwa mwishoni. Kiswahili kinatanguliza mbele. Mzizi umejificha katikati: mshono, ushonaji, kushonesha, nimeshona, limeshonoka. Ukitafuta kwa herufi ya kwanza, neno moja linakuwa watu watano wasiojuana. Ni ugumu uleule anaoupata mwanafunzi anapofungua kamusi kutafuta "waliotushonea", na mwalimu anamwambia avue viambishi kwanza.

Nikarudia jaribio hilo kwa kila programu iliyobaki. Nilipoandika "shon" kwenye Obsidian, yote yalikuja, mzizi umepakwa rangi ya njano popote ulipokaa. Nikabaki nimeduwaa. Nikajaribu "kab". Zikaja kabati na kabila, bila shaka, lakini kaba ya kanzu ikatokea mistari miwili juu ya kukaba koo, na nikajiuliza kwa mara ya kwanza kama hayo ni maneno ndugu. Miaka yote nimeyatumia yote mawili bila kuyaona yamekaa pamoja. Sijalithibitisha bado, nimeliandika tu. Lakini kazi yangu inatokana na kukutana kwa namna hiyo.

Sababu ya pili ni faili zenyewe. Obsidian, iliyotoka 2020, haina ghala lake la siri. Kila dokezo ni faili la maandishi matupu ndani ya folda niliyoichagua, kwa mtindo wa Markdown uliobuniwa na John Gruber mwaka 2004, ambapo nyota mbili kila upande zinakoleza wino na alama ya reli inafanya kichwa cha habari. Nililichukua faili la "taharizi" nikalifungua kwa programu ya kawaida kabisa iliyokuja na kompyuta. Likafunguka. Nikalituma kwa dada yangu, naye hajui Obsidian ni nini; akalisoma kwenye simu yake ndani ya basi. Kwa hiyo kampuni ikifa kesho, nitakosa sura nzuri ya programu, na maneno yatabaki.

Yapo ninayoyavumilia. Kwenye simu yangu inachelewa kufunguka, na fundi hasubiri. Mtu akitaja neno huku mikono yake iko kazini, sekunde nane ni nyingi. Kwa hiyo nimerudi kutembea na kijidaftari cha karatasi mfukoni, naandika kwa penseli, kisha jioni nahamisha. Kusawazisha vifaa kwa huduma yao kunalipiwa, basi kila Ijumaa baada ya chakula cha usiku nachomeka waya, nanakili folda kutoka simu kwenda kompyuta, na nakala nyingine naiweka kwenye flashi ninayoiacha kwa dada. Ndicho nilichomaliza kukifanya sasa hivi. Maneno 641, folda nzima haifiki ukubwa wa picha moja ya simu.

Tanga nilirudi mwezi uliopita. Nilimweleza mzee ukweli, kwamba aliyonipa nimeyapoteza. Aliniangalia kidogo, akamwita mjukuu wake alete ile kanzu. Macho yake hayaoni vizuri tena, kwa hiyo safari hii alitaja kwa kupapasa: badani, taharizi, kikwapa, kaba, sijafu. Tulipofika shingoni, vidole vyake vikasimama kwenye mshono mmoja wa duara uliobana sana. Mara ya kwanza alinitajia jina lake, nakumbuka nilivyoliandika kwa haraka nikifurahi kwa sababu sikuwa nimewahi kulisikia. Sasa halikumjia. Alipitisha kidole gumba juu yake mara nyingi, midomo ikijaribu. "Litakuja," akasema. "Likija nitamwambia huyu akupigie."

Faili lake lipo kwenye folda. Ndani nimeandika mahali ulipo mshono, unavyozunguka, na kwamba sindano hurudi nyuma nusu hatua kabla ya kwenda mbele. Jina la faili nimeweka neno "jina" peke yake, na simu nailaza karibu na mto ikiwa na sauti.